Neema au Rehema, Baraka au Lusajo: majina ya mtoto tukiyapima mawili mawili

Wifi yangu alipiga simu saa tatu usiku, mimba ikiwa ya miezi saba. "Wifi, kwenye jina tumekwama. Wewe ndiye shangazi, na majina ndiyo unayaita kutwa. Tusaidie."

Kuyaita nayaita kweli. Nafundisha darasa la kwanza Morogoro mjini, na kila asubuhi kabla ya somo lolote nafungua daftari la mahudhurio. Mwaka huu nina akina Neema wanne, Baraka watatu, Ramadhani wawili, Godlisten mmoja, na Brayan watatu ambao kila mzazi kaandika kwa herufi anazozijua yeye. Akina Neema watoto wenyewe wameshawagawa: Neema mrefu, Neema wa dirishani, Neema wa mama ntilie, na Neema tu.

Kazi niliyopewa ina masharti. Mdogo wangu ni Mwislamu wa Tanga, kama mimi. Wifi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani tangu kwa bibi yake, na kila mmoja amebaki na dini yake. Kisha kuna marehemu baba yetu, ambaye aliitwa Mashaka. Kwetu Tanzania mtoto huandikwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. La katikati hudondoka njiani. Kwenye foleni ya hospitali, kwenye kadi ya harusi, kwenye jezi ya mpira, linabaki la kwanza na la mwisho. Kwa hiyo jina lolote tutakalochagua litatembea na Mashaka maisha yote. Jaribu kutamka: Imani Mashaka. Tumaini Mashaka. Hayo mawili yalikufa usiku uleule, wifi akicheka hadi akaomba tukate simu maana mtoto anampiga mateke.

Maana kwanza, lugha baadaye

Ugomvi mwingi wa majina niliowahi kuusikiliza ni wa nguo, mwili wenyewe hauguswi. Baba anataka la Kiarabu, mama anataka la Biblia, bibi anataka la kwao, na ukiyavua yote matatu unakuta yanasema neno moja. Neema tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni fadhila za Mungu na riziki isiyopungua. Wakristo wakalitumia kwa ile fadhila anayopewa mtu asiyestahili. Hana na Ana, ya Kiebrania, ni fadhila ileile. Yohana lina mzizi huohuo tumboni: Mungu amefadhili. Grace wa Kiingereza ni Neema yuleyule aliyehamia mjini. Nyumba inayogombana Neema au Ana inagombania vipande viwili vya doti moja.

Rehema ni jirani yake, ila si pacha. Rehema ni huruma. Linatoka kwenye rahma ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa Rahmani na Rahimu, sifa mbili za Mungu tunazozitaja kila tunapoanza jambo. Mzizi huohuo ndio uliowapa Waarabu neno la tumbo la uzazi. Kwa mtoto wa kike, hilo peke yake lingenitosha. Kwa kina wifi kuna Gwakisa, yaani wa huruma, kwa hiyo hata bibi wa Tukuyu akielezwa atalitambua. Nikiyapima mawili haya, Neema ni zuri lakini limejaa madarasani na kwa sasa limeegemea kanisani. Rehema liko pande zote mbili, na darasani kwangu mwaka huu hayupo hata mmoja. Alama moja kwa Rehema.

Kwa mvulana, neno linalogombewa ni baraka. Baraka ni la Kiswahili na linaeleweka kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Mubaraka, aliyebarikiwa, ni la Kiarabu moja kwa moja. Katika Biblia yupo Baruku, karani wa nabii Yeremia, jina la mzizi uleule. Benedikto ni la Kilatini. Kagera, Uganda na Rwanda utaita Mugisha. Kilimanjaro na Arusha utasikia Elibariki, na pia Godbless, ambalo ni sala nzima iliyofanywa jina. Wanyakyusa wana Lusajo.

Baraka na Lusajo niliwapa wifi na mdogo wangu wayalinganishe wenyewe. Baraka halimhitaji mtu kueleza chochote, ila atakuwa Baraka wa tatu au wa nne popote aendapo, na wajina wake watamwitikia. Lusajo ni fupi, linaandikwa kama linavyotamkwa, na nje ya Mbeya ni adimu kidogo, hivyo litamlazimu kueleza kwao ni wapi. Wengine wanaona hilo ni mzigo. Mimi naona mtoto mwenye baba wa Tanga na mama wa Tukuyu ataulizwa kwao hata akiitwa nani. Ila Mnyakyusa akisikia Lusajo Mashaka, na Mswahili akisikia Baraka Mashaka, wote wawili watauliza swali lilelile: baraka gani hiyo yenye mashaka?

Ukitaka furaha, unayo Furaha, Lusekelo la Kinyakyusa, Saidi la Kiarabu lenye maana ya mwenye heri na furaha, Felisi la Kilatini, na Happiness, ambalo hapa Tanzania tumelipenda kuliko wenye lugha yao. Hapa sasa nitasema kama mwalimu. Neno la kwanza ambalo mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kuandika ni jina lake. Kabla ya kusoma, kuandika na kuhesabu kuiva, kuna ile wiki mtoto anang'ang'ana na herufi za jina lake, ulimi umetoka nje, penseli imeshikwa kama jembe. Furaha anaandika fu, ra, ha, amemaliza, anatazama huku na huku. Happiness anaandika Hapines, namwambia bado, anaongeza p, anafuta, karatasi inatoboka. Kiswahili kinaandikwa kinavyosemwa, na mtoto aliyepewa jina la Kiswahili, au lililokwisha kuingia katika Kiswahili, anaanza shule akiwa na ushindi mmoja mkononi. Silaumu mzazi yeyote. Ila penseli ile naiona mimi, mzazi haioni.

Zawadi ni kundi jingine lenye ndugu wengi: Zawadi kwetu, Hiba kwa Kiarabu, Matayo kwa Kiebrania na Theodori kwa Kigiriki yote mawili yakiwa na maana ya zawadi ya Mungu, na Atupele kwa Kinyakyusa, ametupa. Kwetu Zawadi huwa ni msichana. Kutoka hapo ukivuka ziwa mpaka Bukavu na Goma, utakuta wenzetu wanaita watoto Mapendo, Sifa, Faida: maneno tunayoyatumia kila siku bila kufikiria kwamba yanaweza kubebwa mgongoni.

Neno lilelile, mtoto mwingine

Kuna majina yanayobadilika jinsia au maana yakivuka mpaka, na hili linafaa kujulikana mapema kama familia ina watu nje. Amani kwetu ni utulivu, na mara nyingi ni mvulana. Muscat au Dubai, Amani ni jina la msichana, na ni neno jingine kabisa la Kiarabu lenye maana ya matumaini na matamanio. Kijana wa Tanga anayekwenda kutafuta kazi Ghuba na hati inayosema Amani atazoea kuwaona watu wakimtafuta dada.

Imani na Nia, ambayo kwetu ni maneno ya kawaida (Nia hata si jina), Marekani ni majina ya mabinti. Yalipata nguvu kutokana na Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga kwa ajili ya Wamarekani Weusi, ambayo misingi yake saba imeitwa kwa Kiswahili, na nia na imani zimo. Huko huko wanaita pia Zuri. Hilo kwa masikio yetu ni mzizi uliokatwa kichwa, mwalimu ndani yangu anatamani kuuliza mzuri, kizuri au nzuri. Lakini kwa aliye London au Minneapolis akitaka jina la Kiswahili ambalo majirani watalitamka bila kuumia, hayo matatu yamekwisha fanyiwa majaribio. Majina yenye ng' na mb mwanzoni yatasumbuliwa.

Majina ambayo mtoto huja nayo

Mimi ni Mwanahamisi, nilizaliwa Alhamisi, basi. Hakuna aliyekaa kikao. Juma ni wa Ijumaa na dada yake ni Mwanajuma, Jumanne anajieleza. Wa miezi ni Rajabu, Shabani na Ramadhani. Idi na Mwanaidi wa sikukuu. Ashura wa siku ya kumi ya Mfunguo Nne. Maulidi wa mwezi wa kuzaliwa Mtume. Mtu akiniuliza kwa nini Jumatano inafuatwa na Alhamisi, namwambia zote mbili ni siku ya tano: moja kwa hesabu yetu inayoanzia Jumamosi, nyingine kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Tano mbili zimelala kitanda kimoja na hazijawahi kugombana.

Majirani zetu wa Kenya ndio waliolifanya jambo hili kuwa elimu. Chukua usiku peke yake. Pwani yetu mtoto wa kike aliyezaliwa usiku ni Chausiku. Kwa Wajaluo ni Atieno, na kaka yake ni Otieno. Kwa Wakamba ni Mutuku. Kwa Wakalenjini ni Kipkemoi, na wa kike Chepkemoi. Kiarabu kina Laila, lenye maana ya usiku pia, ingawa mwenye kuitwa hivyo huenda alizaliwa saa sita mchana. Chukua mvua: Mwanamvua kwetu, Okoth na Akoth kwa Wajaluo, Wafula na Nafula kwa Wabukusu, Kiprop na Cherop kwa Wakalenjini, Nyambura kwa Wakikuyu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa sababu siku ile ilinyesha, na Kambarage ni mzimu wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja baadaye kabisa, kwa ubatizo, mwaka 1943. Na Nyerere, jina la baba yake, lilitokana na viwavi waliovamia mashamba wakati yule mzee anazaliwa. Nchi nzima imebeba jina la wadudu kwa heshima zote, na hakuna aliyeona kasoro.

Ukiyalinganisha haya na kina Neema na Baraka, tofauti ni moja kubwa: Neema ni ombi, Chausiku ni taarifa. Ombi unaweza kulitayarisha miezi miwili kabla. Taarifa mpaka mtoto afike. Mdogo wangu ni mtu wa kununua nguo mapema na kupaka chumba rangi, kungoja siku hakuwezi. Wakikuyu nao hawangoji, lakini kwa sababu nyingine: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, msichana wa kwanza la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Hakuna kikao, hakuna simu za usiku. Nilipomweleza wifi utaratibu huo alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi wa kwanza angekuwa Mashaka Mashaka?"

Mashaka lenyewe

Niliseme hapa, kwa kuwa tumelicheka vya kutosha. Bibi alikuwa amezika watoto wawili kabla ya baba. Alipozaliwa huyu wa tatu hakuthubutu kumpa jina la kujivuna. Alimwita Mashaka, maana alikuwa na mashaka kama atabaki. Akabaki miaka themanini na moja. Shida, Tabu, Matatizo, Mashaka, yote ni ya namna hiyo: aliyeyatoa alikuwa anamficha mtoto, kwamba kifo kikipita kikisikia kunaitwa Shida kitaona hapa hakuna cha kuchukua. Mengine yalikuwa barua kwa majirani. Siwema, kwamba watu si wema, lilikuwa linatupwa uani kila mtoto anapoitwa kuja kula.

Leo nina Shida mmoja darasani. Watoto wenzake hawacheki hata kidogo. Wanaocheka ni wazazi siku ya kikao. Kwa hiyo sikumshauri wifi achukue kundi hili, ingawa kwa uzito linayashinda mengi. Lakini lina majirani wapole ambao nawapenda: Faraja, kwa kuwa baada ya dhiki faraja, Subira na Heri, ambao ukiwa na watoto wawili unaweza kuwapa wote, kwa kuwa subira yavuta heri, na Majaliwa, lile la kukubali alichojalia Mungu. La mwisho hili wengi wanalijua kupitia Kassim Majaliwa, aliyekuwa waziri mkuu wetu tangu mwaka 2015 hadi 2025. Na Samia Suluhu Hassan, rais tangu Machi 2021, amebeba mawili tofauti: Samia ni Kiarabu, aliyetukuka, na Suluhu, jina la baba yake, ni neno letu la kumaliza ugomvi. Mtu anaweza kukaa na majina hayo mawili kwenye kiti chochote.

Ya Kiarabu na ya Biblia

Kwa mdogo wangu jina la dini halikuwa mjadala; mjadala ulikuwa lipi. Hapa watu hukosea kwa kusaka maana kwenye orodha za intaneti na kusahau kwamba majina makubwa ya Kiislamu hutolewa kwa ajili ya mwenyewe aliyeitwa hivyo. Hadija, ukilifungua kwa mzizi wake, ni aliyezaliwa kabla ya siku zake. Fatuma ni aliyeachishwa ziwa. Nani huwapa mabinti majina hayo kwa maana hizo? Anayetajwa ni mke wa Mtume na binti wa Mtume. Aisha, ambalo kwetu likawa Asha, lina vyote: mtu mwenye hadhi, na maana ya aliye hai. Kwa wavulana hadithi inayataja Abdallah na Abdurahmani kuwa yanapendeza zaidi kwa Mungu. Shida yake ni mtaani, ambako Abdallah, mja wa Mungu, atakuwa Dula kabla hajaanza shule: mja ameondoka na Mungu ameondoka. Mohamedi atakuwa Mudi, Ramadhani Rama, Bakari Beka, Hadija Dija. Kama kifupi hukipendi, usichukue kirefu chake, kwa maana kitakuja tu.

Kwa nyumba ya dini mbili kama hii, mimi ningeanzia kwenye majina ambayo vitabu vyote viwili vinayo: Musa, Yusufu, Daudi, Ibrahimu, Ayubu, Sulemani, Mariamu. Yusufu akienda Tukuyu ni Yosefu, hakuna atakayeshtuka. Sulemani, wa mzizi wa amani wa Kiebrania, ni binamu wa Salum na Salama kwa Kiarabu. Hawa na Eva ni mama yetu mmoja. Na kama mtachukua la Biblia, chagueni pia sura yake: Yohana ni la Waprotestanti, Yohane ni la Wakatoliki, John ni la Kiingereza, na tayari mtu akisoma hilo moja amejua mengi kuhusu nyumba yenu. James na Yakobo ni mtu mmoja, jambo ambalo akina James wengi niliowafundisha hawajui.

Wifi alipenda Mariamu. Mdogo wangu naye. Ilikuwa dakika nzuri, mpaka mama mzazi wa wifi alipokumbusha kwamba kwenye ukoo wao tayari wapo Maria watatu, Mariamu wawili na Mary mmoja wa Iringa.

Wakija wawili

Kwa kina wifi mapacha wapo, kwa hiyo aliuliza. Waislamu wengi huwaita Hassani na Huseni: Hassani ni mwema, na Huseni ni mwema mdogo. Wajukuu wale wa Mtume hawakuwa mapacha, walipishana kama mwaka mmoja, lakini majina yamependana. Ugumu unakuja wakiwa wasichana. Wengine hutafuta Husna, la mzizi huohuo. Wasukuma na Wanyamwezi wametuachia Kulwa na Doto, wa kwanza kutoka na wa pili, na sasa yameenea Tanzania nzima, na wanaume na wanawake wanayatumia sawasawa. Uganda, Baganda wanagawa kwa jinsia: Wasswa na Kato, Babirye na Nakato. Wajaluo wana Opiyo na Odongo, Apiyo na Adongo. Kulwa na Doto yanashinda kwa wepesi: huhitaji kujua jinsia, huhitaji kujua dini, na mtu akisikia Doto atakuuliza mara moja Kulwa yuko wapi. Akiwa amefariki, swali hilo linauma. Nimeliona kwa mtoto mmoja darasani. Nikaanza kuwaambia walimu wapya wasiliulize.

Kalamu ya mtu mwingine

Kuna jambo ambalo orodha za majina hazisemi: jina unalichagua wewe, lakini analiandika mtu mwingine. Cheti changu cha darasa la saba kinasema Mwanahamis. Cha kidato cha nne kinasema Mwanahamisi. Kadi ya chama chetu cha kuweka na kukopa ikatoka Mwanamisi. Nilipoomba mkopo wa kuezekea nyumba niliambiwa wale ni watu watatu. Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba ni mmoja, nikalipa, nikapiga picha mbili, nikarudi wiki iliyofuata, mabati yakiwa yamepanda bei.

Kwa hiyo pimeni na hili. Salim, Salimu, Salum na Salumu; Khamis na Hamisi; Fatma, Fatuma na Fatima; Kulwa na Kurwa; Athumani na Othman. Yote ni sahihi, na ndiyo hatari yake. Rehema, Baraka, Subira na Lusajo yana namna moja tu ya kuandikwa. Mkichagua lenye namna nyingi, andikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla ya kwenda hospitali, na tangazo la kizazi likitolewa mlisome herufi moja moja mkiwa bado dirishani. Baada ya hapo nendeni kuchukua cheti cha kuzaliwa kabla siku tisini hazijaisha.

Na wazazi nanyi mtaitwa

Mtoto wa kwanza anawabatiza wazazi wake. Tangu siku hiyo wifi hatakuwa tena jina lake. Sokoni, kwenye kikoba, msibani, atakuwa Mama Fulani mpaka uzeeni. Mama Rehema. Mama Lusajo. Mama Happiness, ambalo wauza nyanya watalifanya Mama Hapi. Nilimwambia asimame mlangoni ajiite mwenyewe, kisha amuite mtoto kama anayechelewa kurudi magharibi, kwa sauti ya kufika uwanjani. Majina yenye irabu wazi mwishoni yanakwenda mbali: Reheeemaaa. Lusaaajooo. Yenye konsonanti mwishoni yanafia getini.

Alijaribu kweli, nilisikia kwenye simu, na jirani akaitikia kumuuliza anamtafuta nani.

Mwisho wa wiki nilituma majina manne tu. Wa kike: Rehema, na kama hawalitaki, Subira. Wa kiume: Lusajo, au Heri. Nilieleza kwamba Rehema Mashaka nimelitamka asubuhi, mchana na usiku na sijasikia kasoro: rehema huja kwenye mashaka, huko ndiko kwake. Wifi akatuma ujumbe kwamba la kike limekwisha.

Mdogo wangu akapiga baadaye, akiwa kazini, kelele za magari nyuma. "Dada, la kiume wifi yako anataka Lusajo. Mimi nimependa Heri. Ila jana nimelisema kwa sauti."

"Ee?"

"Heri Mashaka. Heri mashaka kuliko nini, dada?"

Sikuwa nimelisikia hivyo.